Video ya Karasha: Sikiliza Kabla Hujatazama

Mtu akikuletea jiwe pale Nyarugusu, Geita, akakwambia lina dhahabu, humjibu. Unalivunja, unalitwanga, unaosha unga wake kwenye karai, kisha unatazama ule mkia wa njano unaobaki ukingoni. Video ya mafunzo nayo ina namna yake ya kuoshwa. Siku hizi hakuna anayehamisha karasha, awe anatoka Lwamgasa au Mgusu, bila kijana mmoja kuzunguka na simu akirekodi "kwa ajili ya wenzetu wa kule tunakokwenda". Nyingi ya video hizo hazifai kitu. Mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu anahitaji kujua ipi aitunze na ipi aifute, simu ipate nafasi.

Anza kwa kufumba macho. Sitanii. Karasha ni ngoma ya chuma yenye gololi ndani za kusagia mawe, na fundi anayeijua huiendesha kwa sikio. Fundi mmoja mzee niliyewahi kukaa naye ana maneno matatu tu: ina njaa, imeshiba, imevimbiwa. Ikiwa na njaa, mawe ni machache, gololi zinagonga chuma kitupu na sauti inakwaruza meno. Bamba za ndani zinaliwa bure. Ikishiba, mngurumo ni mzito na umetulia, kama mvua kubwa inayopiga bati la nyumba ya jirani. Ikivimbiwa, sauti inafifia kama ngoma iliyolowa maji. Gololi zimefunikwa, hazidondoki tena, mawe yanazunguka tu yakipoteza umeme. Wageni wengi hudhani huo utulivu ni dalili ya kazi nzuri, na hapo ndipo wanapokula hasara.

Video nzuri ina sauti zote tatu, kila moja ikiachwa muda wa kutosha sikio liizoee, na fundi akitaja ipi ni ipi. Iliyowekewa muziki juu yake ifutwe hapo hapo, hata kama picha zake zinang'aa. Nimewahi kuona moja iliyohaririwa kwa ustadi wa kuonea wivu, singeli mwanzo hadi mwisho. Walioletewa waliisifu sana, kisha wakamaliza wiki mbili wakisaga unga mnene kama mchanga wa mtoni bila kujua kosa liko wapi. Hasara ya namna hiyo huioni kwenye simu. Utaikuta kwenye mizani siku unayopeleka mzigo sokoni Geita.

Ukishafumbua macho, tafuta kitu cha kuhesabia. Ngoma yenye upana wa mita 1 kwa ndani ikifika mizunguko kama 42 kwa dakika, gololi zinaanza kunata ukutani wala hazidondoki. Kazi nzuri hufanyika karibu robo tatu ya hapo, mizunguko 30 na kitu. Sasa ukihamia kwingine ukakuta mota nyingine, ukafunga puli iliyopatikana dukani kwa sababu ile ya zamani imepotea njiani, mwendo umebadilika na hakuna aliyekwambia. Kwa hiyo nataka kuona doa la rangi nyeupe kwenye ngoma, na saa ya mkononi ikiwa ndani ya picha ile ile. Hili si jambo jipya. Mmarekani Frank Gilbreth, aliyeanza maisha akiwa mwashi wa matofali, mwaka 1912 alikuwa akirekodi mafundi wa kiwanda kimoja mjini Providence huku saa kubwa ikionekana pembeni yao, ili kila mwendo wa mkono uweze kupimwa baadaye. Doa la rangi na saa ya elfu kumi vinafanya kazi ile ile.

Halafu uliza: ilirekodiwa lini? Ikiwa ni baada ya spana ya kwanza kugusa bolti, thamani yake imeshuka nusu. Mtambo ukishafunguliwa, mkanda hauwezi kukuonyesha ulivyokuwa umekazwa, wala mwalo hauwezi kukuonyesha ulivyolala. Mtu aweke pimamaji juu ya fremu na kamera isogee mpaka povu lake lionekane. Mtu aubonyeze mkanda kwa dole gumba tuone unabonyea kiasi gani. Na mshale wa rangi uchorwe kwenye kila mota kuonyesha upande inaozungukia, kwa sababu ukibadilishiwa nyaya mbili tu kati ya zile tatu za fezi, mota inarudi kinyumenyume. Pampu ya tope ikizungushwa kinyume inaweza kufungua panga lake lenyewe kwenye uzi wa shafti. Sekunde tano za mshale zingeokoa hiyo pampu.

Kwenye sianidi, ukali wangu unaongezeka. Wengi wanaohama sasa hawahamishi mashine peke yake, wanahama pia kutoka kwenye zebaki kwenda kwenye sianidi, hasa baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilijenga kituo cha mfano pale Lwamgasa ili mchimbaji mdogo aone kwa macho yake uchenjuaji wa namna nyingine, na anayeweza kwenda aende. Video haichukui nafasi ya kusimama kando ya tenki. Lakini kwa anayeandaa video kipimo changu ni kimoja: kati ya chokaa na sianidi, kamera isikatwe. Chokaa inatangulia, inakorogwa, kipimo cha pH kinasomwa mpaka kifike 10.5 au zaidi, ndipo sianidi inafunguliwa. Maji yakiwa chini ya hapo, sianidi inaanza kugeuka hewa, na hewa hiyo inaua. Ukikata picha katikati ili video iwe fupi, umemfundisha mtazamaji kwamba hapo katikati hapakuwa na kitu. Fundi asipotaja sababu, video haijakamilika. Akionekana mikono mitupu bila glavu, hata awe bingwa wa mkoa mzima, usiisambaze.

Jambo jingine ni makosa. Video nyingi zinafanana na za harusi, kila mtu kavaa vizuri na hakuna aliyechelewa. Mimi naithamini ile ambayo beringi imepata moto, fundi kaishika kwa nyuma ya vidole akauondoa mkono haraka, kisha anaeleza alichokosea kwenye girisi. Na hata hiyo haifundishi peke yake. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali ya Marekani ilitengeneza mamia ya filamu za kufundisha kazi za karakana na za kuunda meli, kwa watu ambao hawakuwahi kushika tupa. Zilikusudiwa kutazamwa darasani mwalimu akiwepo, mtu akimaliza aende kwenye mashine. Sisi video zetu tunazituma WhatsApp saa nne usiku tukidhani tumeshafundisha. Isitoshe, WhatsApp inaziminya mpaka namba za kwenye kipimo zinageuka ukungu. Zibebe kwenye memori kadi.

Kuhusu lugha, fundi akieleza kwa Kisukuma mwache. Ukimlazimisha Kiswahili cha redioni anakuwa mtu mwingine, na yale maneno yake ya kazi yanapotea. Mtu mwingine atayatafsiri kwa waliotoka Kigoma na Mara. Zile salamu ndefu za mwanzo nazo usizikate, maana ndizo zinazomtuliza mzee mkono wake urudi kwenye mwendo wa kawaida.

Kipimo cha mwisho kinafanyika kule kupya. Nilishuhudia kimoja upande wa Katoro. Karasha ilikuwa imefungwa chini ya banda la bati, wakati kule ilikotoka ilikuwa chini ya mwembe, kwa hiyo kila sauti ilirudi mara mbili. Kijana aliyepewa video siku tatu kabla alikuwa hajawahi kuigusa mashine yenyewe. Alizima simu, akaiweka mfukoni, akatoka nje ya banda hatua kama kumi, akasimama akiwa ameinamisha kichwa. Yule fundi mzee alikuwa amekaa kwenye kiroba cha mawe, amempa mgongo, anakunywa chai.

"Mzee," kijana akasema, "hii imevimbiwa."

Mzee hakugeuka. Alinyoosha mkono wenye kikombe kuelekea kwenye swichi.