Bakuli la Nyatiti

Mgeni anayetafuta vinyago Kisumu huonyeshwa twiga na vifaru wa mbao. Ufundi huo asili yake ni Ukambani, ambako Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na ujuzi alioupata Tanganyika, na uchongaji wa biashara ukasambaa kwa jamaa na majirani. Vya mawe vinatoka Tabaka, Kisii. Ndiyo maana utasikia watu, Wajaluo wenyewe wakiwemo, wakisema kwamba huku ziwani hakuna wachongaji. Nakataa. Wapo, ila kazi yao bora hufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe.

Nasema juu ya nyatiti, chombo cha nyuzi nane. Sifa zote humwendea jathum, mpigaji: vidole vyake, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga mbao na kushika mwendo. Bakuli lenyewe hakuna anayelitazama. Wapaiwan wa Taiwan huchonga mababu na nyoka kwenye nguzo na vizingiti vya nyumba za machifu. Wagiriama huwasimamishia marehemu wa chama cha Gohu vigango vyenye nakshi. Hao huchongea macho. Fundi wa nyatiti huchongea sikio, na sehemu ngumu ya kazi yake ni ile anayoitoa.

Nje ni kazi ya shoka na tezo, na fundi mzoefu haichelewi. Ugumu uko ndani. Gogo linachimbwa kidogo kidogo, fundi akiligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha anarudi kwenye patasi. Ukuta ukibaki mnene, sauti inazama humo humo. Ukiwa mwembamba mno, siku ngozi itakapokauka na kuvuta, bakuli litapasuka, na kazi yote imekuwa kuni. Mbao nayo haitaki haraka: ikianikwa juani inafanya nyufa, kwa hiyo inawekwa kivulini hadi ikubali. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi. Miti miwili huchomekwa, ikaunganishwa juu kwa mti wa tatu wa kufungia nyuzi. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Leo ni nailoni ileile ya wavuvi, na sioni cha kulalamikia: ziwa limelipa deni lake kwa muziki. Chini ya nyuzi kuna vipande vya matete vilivyogandishwa kwa nta, navyo huipa sauti ule mkwaruzo wa nyuki ambao mgeni hudhani ni kasoro.

Wapigaji wengi wa zamani walijichongea wenyewe. Naona hekima hapo, maana anayekwenda kukesha matangani na chombo chake anajua anataka kimjibu vipi. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019 nyumbani kwake Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, alizunguka dunia na nyatiti. Wimbo wake "Kothbiro" ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mjapani Eriko Mukoyama, tunayemwita Anyango, alikwenda kujifunza Siaya, akakishika chombo ambacho kwa jadi kilikuwa cha wanaume. Waliowasikia huko nje walikuwa wanasikia pia mkono wa mtu aliyejua pa kuiachia patasi.

Siku hizi vibandani kuna nyatiti ndogo zilizopakwa vanishi, na twiga amechorwa ubavuni. Nilivuta uzi wa mojawapo. Kimya.

"Hiyo ni ya ukutani, mzee," muuzaji akaniambia, bila aibu yoyote.

Ya kupigwa je?

"Hiyo haikai dukani. Unaagiza. Na fundi atakuuliza kwanza nani anaipiga."

Nilimwambia ni mimi. Akaviangalia vidole vyangu, akarudi kupanga twiga wake.