Kulijua Baraza la Mawe Lililojengwa Vizuri

Baraza la mawe lililoshikamana na ukuta wa nyumba, upande wa njia, ndilo kiti cha watu wote katika miji na vijiji vya pwani. Katika nyumba za kale za Lamu hukaa ndani ya daka, yaani ukumbi wa mlangoni, moja kila upande wa mlango. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hufuata ukuta wa kichochoro, na mvua kubwa ikishuka wapita njia hulipanda ili wasikanyage maji. Likiwa jipya, karibu kila baraza hupendeza, kwani chokaa mbichi husitiri mengi. Ukaguzi wa kuaminika hufanywa baada ya masika, na huanzia chini.

Tumbo la baraza ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Mwashi mzuri huyalowesha kabla ya kuyapanga, maana jiwe kavu hufyonza maji ya chokaa kabla haijashika. Mawe makubwa hukaa chini na pembeni, na mianya hujazwa vijiwe vilivyogongwa vikakaza, si chokaa tupu. Pale plasta ilipobanduka hayo huonekana wazi: jiwe kushikana na jiwe ni kazi ya fundi; donge la chokaa lenye mawe yaliyotawanyika ni kazi ya kibarua.

Chokaa yenyewe hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, kisha yakamwagiwa maji yakavunjika kuwa unga. Inayoachwa majini wiki kadhaa huwa laini na yenye kunata. Iliyoharakishwa hubakiza punje ambazo hazijalainika; punje hizo huvimba ndani ya plasta miezi baadaye na kuirusha, zikiacha vishimo vyenye nukta nyeupe katikati. Vishimo viwili vitatu vinasameheka. Vikienea uso mzima, haraka ilianzia kwenye pipa la chokaa, na hakuna mwiko wa kuifidia. Mchanga wa ufukweni usiooshwa nao hujitangaza: chumvi hutoka usoni kama manyoya meupe kila kiangazi.

Adui mkubwa wa baraza ni maji, na hapo ndipo ufundi hupimwa. Kiganja cha maji kikimwagwa karibu na ukuta, yanapaswa kuteremka taratibu mpaka ukingoni na kudondoka. Yakituama, kiti kimelala mno. Yakirudi ukutani, baraza linaioza nyumba linayoiegemea. Mteremko wenyewe usihisiwe na anayekaa, na kuupata huo bila kuuonyesha si kazi ndogo. Pembe ya kiti na ukuta inafaa iwe ya mviringo, si ya kukata, kwa sababu ufa hupenda pembe kali. Inafaa pia kutazama juu: paa likidondosha maji katikati ya kiti, mfereji mwembamba utajichimba hapo hata chokaa ikiwa bora kiasi gani.

Kisha huja kugonga. Kifundo cha kidole kikigonga plasta iliyoshika husikika mlio mzito, mfupi. Mlio wa uwazi unaonyesha kwamba plasta imeachana na jiwe. Kiganja kikipita juu yake kisitoke na unga mwingi. Unga kidogo ni wa chokaa ya kupaka tu, na huo si dosari.

Ukingo wa mbele hupata mateso kuliko sehemu nyingine: visigino, mizigo, watoto wanaoruka. Uliochongwa mkali huvunjika mapema na kukwaruza nyuma ya magoti, ulioviringwa hudumu. Kimo kinachofaa ni karibu sentimeta 40 hadi 45, ili mguu wa mtu wa wastani ufike chini. Kina kinategemea mazoea ya mahali. Penye bao na kahawa kinahitajika kiti cha kutosha mtu kukunja miguu. Kiti chembamba huwafaa wapita njia tu, na wazee hukihama.

Dosari mbaya kuliko zote mara nyingi huletwa na wakarabati. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya mawe na kutokea usoni, na chokaa huupitisha. Saruji huuzuia, chumvi hukusanyika nyuma yake mpaka gamba zima linabanduka, likiondoka na uso wa jiwe. Baraza lililopakwa saruji hung'aa na kuonekana imara kwa misimu michache, kisha hulegea kwa mabamba. Kiraka cha chokaa hutambulika kwa mpaka wake: baada ya mvua kadhaa hufifia na kuungana na plasta ya zamani. Kiraka cha saruji hubaki na ukingo wake wa kijivu, na ufa wa kwanza hufuata ukingo huo huo.