Jina la Kanga, Jina la Mtunzi

Maji yakupwapo Bwejuu, wanawake hushuka pwani kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, kila mmoja na kanga yake kiunoni. Mpenzi wa ushairi atakayesimama ukingoni hupata kusoma kabla hajapata kusikia, kwani kila kanga ina maneno yake, na Waswahili hawayaiti maneno hayo mithali wala maandishi. Huyaita jina. "Kanga hii jina lake nini?" ndilo swali la dukani, la harusini na la kwenye ugomvi. Jina hilo laweza kuzungumzwa kijiji kizima kwa mwezi mzima. Aliyelitunga haulizwi.

Ndani ya nyumba mambo ni yale yale. Asukaye ukili huchagua mwenyewe rangi ya miyaa, hupanga nakshi ambazo nazo zina majina yake, kisha hushona mkeka ambao mchoraji wa mjini angeutia sahihi kwenye pembe. Yeye hautii. Mkeka husifiwa, hutandikwa, huchakaa, na jina la mikono iliyousuka huondoka pamoja na kizazi kilichoukalia.

Si jambo dogo hilo kwa wasomaji wa tungo. Maisha ya watunzi na wachoraji yameandikwa ulimwenguni kwa karne nyingi, na namna yanavyoandikwa ndiyo huamua nani atakumbukwa. Kwa hiyo yafaa kuuliza: maisha ya watunzi na wachoraji wa visiwa hivi yameandikwa vipi, na yamewaacha wapi wengine?

Zipo njia mbili za kale. Ya kwanza ni ya Abu al-Faraj al-Isfahani, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 10, aliyekusanya Kitab al-Aghani, yaani kitabu cha nyimbo. Alianza na wimbo wenyewe, akaeleza maneno ni ya nani, mahadhi yametiwa na nani na mpigo wake ni upi, ndipo akasimulia maisha ya wote hao. Njia ya pili ni ya Giorgio Vasari, mchoraji wa Italia, aliyechapisha mjini Florence mwaka 1550 kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wajenzi, akakipanua mwaka 1568. Vasari alianza na mtu. Mashujaa wake hupanda ngazi mmoja baada ya mwingine, hadi kufikia kilele chake Michelangelo. Al-Isfahani aliufuata wimbo akawakuta nyuma yake watu watatu au wanne. Vasari alimfuata shujaa, na mara nyingi waliochanganya rangi na kuandaa ukuta wakabaki gizani.

Wasifu wa Kiswahili, bila ya kumsoma Vasari, umeshika njia ya Vasari. Mfano mkuu ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya mwimbaji huyo kufariki. Ni kitabu cha thamani, na anayekipuuza hajui deni lake. Kinamchukua mtoto aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akafinyanga vyungu na kuviuza, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake kwenye sahani za santuri. Jina peke yake ni wasifu: aliondoka nalo la mtumwa, akafika na la Siti, bibi mwenye heshima. Wakati ambapo wengi waliona haya kumtaja mwimbaji wa kike pamoja na watu wa maana, Shaaban Robert alimpa kitabu kizima.

Lakini mwandishi yule alikuwa mtu wa adili kabla ya kuwa mtu wa muziki, na adili hakuliacha nje ya mlango. Msomaji akifunga kitabu humjua zaidi mwanamke mwenye subira, bidii na staha kuliko anavyojua jinsi wimbo wake mmoja ulivyotungwa, ukatiwa mahadhi, ukajaribiwa usiku na kusahihishwa. Siti wa kitabu ni kielelezo. Siti wa kazini, anayebishana juu ya mshororo, hasikiki sana.

Na kazini hakuwa peke yake. Walikuwapo Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk Talsam. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Unguja ya baada ya utumwa, ameonyesha kwamba nyimbo zile nyingi zilikuwa kazi ya pamoja: mmoja huleta habari ya mtaani au ya mahakamani, mwengine hutia maneno, wengine hutafuta sauti. Wimbo wa "Kijiti", juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa na haki ikamkosa, ulizaliwa katika hali hiyo ya watu wa Ng'ambo kukaa na kuyapima mambo yaliyowafika. Leo wimbo huo huitwa wa Siti, na si uongo. Hata hivyo ni ukweli uliomeza majina manne. Aliyekuwa hana jina alipata jina kubwa, na kivuli cha jina hilo kikawafunika wenzake.

Jambo hilo likajirudia kwa aliyemfuata. Fatuma binti Baraka, aliyefariki Bububu mwezi wa Aprili 2013, ulimwengu ulimjua kwa jina la utani, Bi Kidude, kitu kidogo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ikatengenezwa filamu juu yake, magazeti ya Ulaya yakamsifu. Yakasifu umri wake, ambao haukuwa na cheti, na sigara yake, na miguu yake mitupu jukwaani. "Muhogo wa Jang'ombe", ambao ulikwisha kuimbwa na Siti, ukageuka kwa wageni wengi kuwa wimbo wa Bi Kidude. Uhakiki wa kweli ungeuliza: alipoupokea aliubadilisha wapi? Ngoma ya unyago, aliyoijua kama mtu ajuavyo njia ya kisimani, iliingia vipi katika uimbaji wake wa taarab? Hayo ndiyo maisha ya msanii. Sigara ilikuwa pambo la picha.

Kwa wachoraji hali imekuwa kinyume, lakini dhara ni moja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao za dari. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mwengine, akafa. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likaacha kuwa la mtu, likawa la bidhaa. Anayepita leo vichochoro vya Mji Mkongwe huona chui, ndege na mibuyu ikining'inia milangoni, na muuzaji humwambia mgeni: hii ni tingatinga. Pembeni ya picha ipo sahihi ya kijana aliyeichora, lakini mnunuzi haisomi. Mbaya zaidi, chui wa mwaka 1970 na chui wa jana huwekwa katika kapu moja, wala hapana anayeuliza nani kaongeza nini. Jina likishakuwa la aina ya kitu, halimtukuzi mwenyewe wala halimwachii nafasi mrithi wake.

Wapo wana wawili wa Unguja ambao utunzi wao hautiliwi shaka, nao wote wawili waliondoka. Wa kwanza ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964, akajiita Freddie Mercury. Yeye jina alilibadilisha kwa hiari yake. Lakini nyimbo nyingi alizotunga zimeandikwa kuwa ni zake, na "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 hakuna anayeweza kumnyang'anya hata baada ya kifo chake mwaka 1991. Si kwamba alikuwa na kipaji kuliko Buda bin Swedi kwa kipimo chochote kijulikanacho. Alifanya kazi mahali ambapo huandikwa nani katunga kabla ya kuulizwa nani kaimba.

Wa pili ni Lubaina Himid, mchoraji, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kuchukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya kufiwa na baba. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner. Kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, ni sanamu bapa 100 za watu waliochorwa na kukatwa kwa umbo lao, watumwa wa Kiafrika katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wachoraji, wafinyanzi, wachora ramani. Kila mmoja ana jina alilozaliwa nalo na jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao na kazi aliyolazimishwa. Mtazamaji hupita katikati yao kama apitavyo mtu katikati ya hadhara, hawezi kuwatazama kama umati. Anayetoka Fumba akisimama pale atamkumbuka binti mfinyanzi aliyeitwa Mtumwa. Himid hakuandika wasifu wa mtu mmoja mkubwa. Aliwapa mia moja kila mmoja mstari wake, na hiyo ni njia ya al-Isfahani kwa brashi.

Yuko atakayepinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema sanaa ya vijijini ni ya wote, na mwenye kujitaja hujikweza. Atasema pia kwamba fumbo halina mwenyewe kwa makusudi: mwanamke anayemsema mume au sheha kwa wimbo wa ngoma anahitaji kujificha nyuma ya sauti za wenziwe, na kumtaja ni kumvua kanga hadharani. Ni kweli. Lakini hifadhi ya leo isifanywe kaburi la kesho. Aliyejificha kwa sababu ya hofu hakuomba asahauliwe baada ya hofu kupita. Na kama wimbo ulitungwa na kumi, heshima ya utunzi wa pamoja si kuufanya wa hakuna mtu, bali ni kuwataja kumi.

Wala mila yenyewe haikatazi. Washairi wa pwani wametia majina yao katika kaditama tangu zamani, na watungaji wa tenzi wakataja mji, idadi ya beti na mwaka. Staha haikuwazuia; walijiita fakiri na dhalili, lakini walijiita. Ni wimbo wa taarab ndio uliozoea kwenda bila ya kaditama, maneno yakatoka mkononi mwa mshairi na kuingia kinywani mwa mwimbaji. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, mtu wa bahari na wa tungo, aliwatungia wengine nyimbo. Anajulikana leo kwa sababu kilitoka kitabu, Kimbunga, mwaka 1994, chenye jina lake juu. Waliotunga kama yeye wasipate kitabu ni wangapi, hilo kila klabu inayodumu, kuanzia Ikhwan Safaa ya mwaka 1905 hadi Culture ya mwaka 1958, ina wazee wa kulijibu. Wazee hao hawaongezeki.

Tangu mwaka 2003 Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki, na jambo hili si la heshima peke yake, ni la riziki pia. Lakini sheria humlinda aliyetajwa. Kumtaja ni kazi ya mwandishi, na inahitaji daftari kabla ya kuhitaji mwanasheria: wimbo gani, maneno ya nani, mahadhi ya nani, nani aliyeuimba mwanzo, kwa kisa gani, mkeka upi, nakshi gani, mkono wa nani, alifundishwa na nani. Maswali ya Baghdad ya karne ya 10 yanatosha kwa Bwejuu.

Maji hujaa tena jioni, na wanawake hupanda na magunia ya mwani vichwani, kanga zimelowa, majina yamegandana na mwili hayasomeki. Usiku zitaanikwa, asubuhi yatasomeka upya. Kanga ina bahati hiyo. Mtunzi wake akishalowa mara moja haanikwi tena, isipokuwa awepo aliyeliandika jina lake lilipokuwa bado kavu.