Choo cha Umeme Mashuani: Anza na Bomba, Maliza na Bakuli

Kuna kipimo cha bure ambacho mafundi wa mashua za tanga hukifanya kabla ya kugusa choo. Kitambaa safi huloweshwa kwa maji ya moto, hukamuliwa, kisha huzungushwa kwenye bomba la mpira linalotoka chooni na kuachwa hadi kipoe. Fundi hukitoa akakinusa. Kikinuka, bomba limekwisha: uvundo umeshapenya kwenye mpira na kutokea nje, hata kama hakuna tone linalovuja. Mwenye mashua aliyekuja akilalamikia choo huambiwa hapo jambo asilolitarajia, kwamba bakuli lake ni zima kabisa.

Mazungumzo yote kuhusu choo cha umeme yangefaa kuanzia kwenye kitambaa hicho. Wanunuzi wengi huanza na bakuli, wakilinganisha umbo, kelele na bei. Lakini mashuani bakuli ndiyo sehemu rahisi. Yanayoamua kama choo kitadumu miaka au kitasumbua tangu msimu wa kwanza yamefichwa nyuma ya mbao: maji yanakotoka, njia yanayopita, na waya unaolisha mota.

Majahazi ya Bahari ya Hindi hayakuijua shida hii. Choo chao kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoning'inia nje ya chombo upande wa tezi, na chini yake bahari tupu. Hapakuwa na pampu, bomba wala tundu ubavuni. Mashua ya kisasa imeliingiza bakuli ndani, mara nyingi chini ya usawa wa maji. Kwa hiyo uchafu hauna budi kupandishwa kwa nguvu ndipo utoke, nayo bahari hutafuta kila nafasi ya kuingia.

Hesabu yake inatisha. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya usawa wa maji huingiza takriban lita 55 kwa dakika, yaani zaidi ya tani 3 kwa saa. Bomba moja tu likichomoka usiku watu wamelala, yatosha. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na maji yaliyoingilia chooni hayaendi kwingine ila ngamani, karibu na mahali ambapo betri nyingi hufungwa.

Historia ina ushahidi wake. Tarehe 14 Aprili 1945 nyambizi ya Ujerumani U-1206 ilikuwa karibu na pwani ya Scotland. Choo chake kilibuniwa kusukuma uchafu nje kwa shinikizo kubwa nyambizi ikiwa kwenye kina kirefu. Mfumo huo ulipopata hitilafu, maji ya bahari yalimiminika ndani yakafika kwenye betri, na gesi ya klorini ikaanza kutoka. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikashambuliwa na ndege, na hatimaye mabaharia wakaiacha izame.

Kinga ya mashua ya tanga ni kiwiko. Bomba hupandishwa juu ya usawa wa maji, likakunjwa na kushuka tena, na kileleni huwekwa kivalvu kidogo kinachoingiza hewa ili maji yasijivute yenyewe kurudi ndani. Kilele hicho kiwe angalau sentimita 20 juu ya usawa wa maji, na kipimo kichukuliwe kwa kuhesabu mashua ikiwa imelala ubavu kwa nguvu ya upepo, si ikiwa imetulia gatini. Kila mwisho wa bomba ulio chini ya maji hufungwa kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Hapa ndipo kosa moja hurudiwa sana. Choo cha umeme chenye pampu yake ya kuvuta maji ya bahari hutaka kiwiko cha maji yanayoingia kikae kati ya pampu na bakuli. Kikiwekwa kabla ya pampu, mota huunguruma lakini bakuli hubaki kavu, kwa sababu pampu inavuta hewa kupitia kile kivalvu. Mwenye mashua hudhani ameuziwa pampu mbovu.

Baada ya njia, maji yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti. Maji hayo yakilala siku kadhaa ndani ya bomba, viumbe vidogo vilivyomo hufa, na bakteria wasiohitaji hewa huigeuza salfeti kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Mtaalamu wa Marekani Peggie Hall, aliyeandika kitabu kizima kuhusu harufu za mashuani, amekuwa akisisitiza kwamba uvundo mwingi unaosingiziwa kinyesi hutokana na maji ya bahari yaliyolala. Zaidi ya hayo, mkojo ukichanganyika na maji ya bahari huacha ukoko mgumu kama wa birika, na bomba huzidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana vyoo vingi vipya vya umeme, kama Quiet Flush ya Jabsco au vile vya Tecma, vina aina zinazotumia maji baridi kutoka tangi la mashua. Harufu hupungua sana, na ukoko pia. Gharama yake ni maji. Watu wawili wakiflashi mara 10 kwa siku, kila mara lita 2, wametumia lita 20. Tangi la lita 200 litakauka kwa siku 10 kabla hata ya kupika chai. Kampuni ya Raritan inauza mfumo unaomwezesha baharia kuchagua kwa swichi: maji baridi akiwa gatini, maji ya bahari akiwa safarini. Asichopaswa kufanya mtu yeyote ni kuunga bomba la maji ya kunywa moja kwa moja kwenye choo kilichotengenezewa maji ya bahari, kwa kuwa uchafu unaweza kurudi hadi kwenye tangi.

Njia ya bei nafuu ni kuondoa pampu ya mkono na kufunga mota mahali pake, huku bakuli likibaki lilelile. Jabsco hutengeneza seti za namna hiyo. Kazi huisha upesi, lakini mota moja huzungusha vitu viwili: impela ya mpira inayovuta maji na visu vinavyosaga uchafu. Anayesahau kufungua valvu ya ubavuni inayoingiza maji ya bahari huizungusha impela ikiwa kavu, na mpira wake huungua upesi.

Kuhusu umeme, wengi huogopa kisichostahili kuogopwa. Mota inayovuta ampea 20 kwa sekunde 15 hula chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea-saa. Kuflashi mara 10 hakufiki ampea-saa 1. Betri haitaona tofauti.

Waya ndio utakaoona. Tuseme choo kiko mita 5 kutoka kwenye betri za volti 12. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba. Waya wa milimita za mraba 2.5 utapoteza karibu volti 1.4 njiani, na mota itabaki na 10.6. Itazunguka kwa uvivu, itapata moto, na visu vitakwama penye karatasi. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza volti 0.34 tu. Ncha zake ziwe za shaba iliyopakwa bati, na fyuzi ikae karibu na betri ili iulinde waya wote.

Limebaki swali la uchafu unakokwenda. Marekani inakataza kumwaga uchafu usiosafishwa ndani ya maili 3 za bahari kutoka pwani, na Sweden iliwapiga marufuku wenye mashua za starehe kuumwaga baharini tangu 2015. Tangi la kuhifadhia si anasa tena. Lipewe bomba pana na fupi la kupumulia, kwani bakteria wanaopata hewa hawatoi ule uvundo.

Uamuzi basi ni huu. Mashua inayolala gatini na kujaza maji kila wiki ifungiwe choo cha umeme cha maji baridi. Inayovuka bahari kwa majuma mengi ibaki na pampu ya mkono, au iwe na swichi ya maji ya bahari pamoja na ndoo ya dharura. Fedha zitangulie kwenye bomba jipya, viwiko na waya mnene. Bakuli linunuliwe kwa kinachobaki. Na siku fundi anapokabidhi kazi, mwenye mashua apige magoti azifunge na kuzifungua valvu zote za ubavuni kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa hata moja imekwama, asilipe kwanza.