Boma, Shujaa na Njaa: Lugha ya Kumbukumbu za Maji Maji

Kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika Songea kuwakumbuka walionyongwa siku hiyo mwaka 1906 kwa amri ya serikali ya Kijerumani. Hotuba husomwa, ngoma huchezwa, makaburi huzuriwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, sherehe ya namna hii ni utungo kama ulivyo utenzi au mchezo: ina msamiati wake, ina mpangilio wake, na ina mambo inayoyaacha nje. Hapana sababu ya kuihakiki kwa upole zaidi.

Neno linalotawala utungo huo ni "shujaa". Songea lafaa sana, kwa kuwa waliouawa pale wana majina, wana siku yao, na wana kaburi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika huko Novemba 2023 kuomba msamaha, jina la Nduna Songea Mbano lilikuwapo la kutajwa.

Taabu yaanza neno hilo linapopelekwa mashariki. Nchi ya Nachingwea na Ruangwa yalala kati ya maboma mawili ya Kijerumani: la Lindi, pwani, na la Liwale, bara, ambalo wapiganaji waliliteka na kulichoma mwaka 1905. Wamwera na Wangindo waliopigana huko hawakuwa na dola kama ya Wangoni, wala wakuu wengi wa kunyongwa kwa siku moja iliyoandikwa. Hata mji wa Nachingwea ulikua kwa mradi wa karanga wa mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha kupita miaka 40. Basi sherehe inayotaka ukuta, tarehe na jina haina pa kusimama.

Lakini watu walikufa, na wengi mno. Serikali ya Kijerumani ilikubali 75,000; wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi 300,000. Wengi wa hao hawakuuawa kwa risasi wala kwa kamba. Walikufa kwa njaa, baada ya majeshi kuchoma vijiji, ghala na mashamba. Na wako maofisa walioandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza waasi.  Mama aliyekufa porini akitafuta mizizi, je, ni shujaa? Neno halimkatai, ila halimfikirii. Shujaa kwa Kiswahili ni mtu wa kutenda, na yeye alitendwa.

Fasihi haikusaidia sana. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotolewa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1957, ni kazi ya mtu wa Lindi. Thamani yake ni kubwa, lakini mji ndio unaotazama, na bara ndiko kunakotazamwa. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alifanya jambo gumu zaidi: aliligeuza swali kutoka kwenye ushindi na kulielekeza kwenye neno, kwamba neno likishatoka halirudi kwa aliyelisema. Mchezo waisha gerezani, Kinjeketile akikataa kuyakana maji. Ni mwisho bora kwa jukwaa. Hata hivyo ni mwisho wa mwaka 1905, na njaa ilikuja baadaye. Mtazamaji aondoka kabla haijafika.

Hata neno "boma" lina kisa chake. Kwanza lilikuwa ua wa miti au miiba wa kuwalinda watu na mifugo. Wajerumani walipojenga ngome zao, likawa jina la serikali yenyewe, na kwenda bomani kukawa ni kwenda kushitakiwa au kulipa kodi. Kuwakumbuka wafu wa Maji Maji mbele ya boma ni kuwaita tena mahali walipoitwa zamani, ijapokuwa safari hii ni kwa heshima.

Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 yalitoka vijijini, si bomani. Yaliyotolewa baada yake yalikuwa kwa Kiingereza zaidi. Msemaji wa sherehe anayetaka kuitaja njaa kwa Kiswahili hapati msaada mkubwa humo.