Nani Aliyetandika Kitanda? Raha na Kazi katika Tungo Mbili za Pate

Wapenzi wa ushairi wa pwani tuna mazoea ya kuitaja Al-Inkishafi kila inapozungumzwa raha ya dunia na mwisho wake. Mtu akistaafu, akapokea kiinua mgongo chake na kujenga nyumba nzuri, hakosi rafiki wa kumkumbusha magofu ya Pate. Matumizi hayo yana haki yake, kwani Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga utungo huo, mwanzoni mwa karne ya 19, ili kuuzindua moyo wake mwenyewe. Lakini limo jambo moja ambalo mawaidha yetu hulipita bila ya kuliona: wale matajiri wa Pate hawazeeki.

Tutazame mfuatano wa beti. Nyumba zao zinang'ara kwa taa. Vyombo vya kauri vimeteuliwa kimoja kimoja. Vitanda vina magodoro, na mito iliyonakishiwa imewekwa huku na huku. Kuna mapazia, kuna marashi. Mara wamo kaburini. Baina ya kitanda na mwanandani hapana goti linalouma, hapana jicho linaloingia ukungu, wala hapana hata mwaka mmoja wa kukaa barazani na kuangalia watoto wa jirani wakipita. Kisanaa, ruko hilo ndilo linalotutisha, na sidhani mshairi angelifanya vingine. Ila kwa mtu wa miaka sitini na mitano anayejiuliza aitumieje siku yake ya kesho, Al-Inkishafi haina mengi ya kumwambia.

Jambo la pili ni la sarufi. Katika beti za kitandani matajiri wale hutendewa: hufunikwa, hunyunyiziwa, hupambiwa. Mtenda mara nyingi hatajwi, na watumishi pale wanapochungulia huwa ni sehemu ya fahari ya nyumba, kama ile kauri. Mshairi mwenye jicho kali la kuona nakshi ya mto hakuona haja ya kutuonyesha mkono uliotandika kitanda.

Mkono huo tunauona katika Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alikuwa amekwisha fariki miaka miwili kabla yake. Hapa pia kuna kitanda na kuna mtu aliyelala, lakini sasa tumesimama upande wa pili. Mume akilala asiamshwe, sauti isipazwe, apapaswe, na asikose mtu wa kumpepea. Raha ya mmoja imekuwa kazi ya mwingine, yenye saa zake na ustadi wake. Wako wanaousifu utendi huu kwa adabu yake, na wako wanaoulaumu kwa kumfunga mwanamke. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zimeusoma kama kitabu cha sheria, zikasahau kuusoma kama maelezo ya kazi, tena maelezo ya mtu aliyeijua. Mtunzi anasema wazi kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha, na mume akafa hali yu radhi naye.

Upo ubeti unaoniudhi kila nikiufikia. Binti anaonywa asichanganyike na watumwa, isipokuwa wakati wa shughuli. Maana yake ni kwamba kazi iliwakutanisha bibi na mjakazi, na mapumziko yakawatenga. Tumejua sasa nani alikuwa akipepea wakati bibi mwenyewe amechoka. Mapumziko ya mjakazi huyo hayamo katika utungo wowote kati ya hizi mbili.

Na uzee je? Mwana Kupona hakuufikia uzee mkubwa. Alifariki miaka michache baada ya kutunga. Lakini anachokijua ni mwili uliokataa kutumika. Anatuambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na akiwa katika hali hiyo anamwita binti asogee na karatasi na wino. Yamkini mwaka ule wa ugonjwa ndio uliompa nafasi ya kukaa kitako na kutunga, nafasi ambayo shughuli za nyumba hazikuwahi kumpa. Hili tunalijua sote visiwani, ingawa tunaona haya kulisema: baba hustaafu kwa barua yenye mhuri, akahamia barazani na kahawa yake, mama hana barua hiyo. Ataendelea kupeta mchele na kuchemsha maji ya mjukuu mpaka mgongo umkatalie. Mawaidha ya magofu ya Pate huelekezwa kwa yule wa barazani, na kwa mama hayana maana yoyote, maana hajawahi kulalia ile mito.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya utendi, ambayo walimu wengi huipitia upesi kwa kuwa ni dua, yafaa isomwe polepole. Mgonjwa anawakabidhi wanawe kwa Mungu, kisha anaomba apone. Waliomo katika Al-Inkishafi hawakupewa hata pumzi ya kuomba. Huyu anayo, na anachokitaka ni kuinuka kitandani.