Lifti ya Lordran na kinu cha upepo cha Drangleic

Katika gemu ya Dark Souls iliyotoka mwaka 2011 kuna lifti ambayo kwangu ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizotoka mikononi mwa Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware. Imo ndani ya kanisa la Undead Parish. Kabla ya kuifikia, mchezaji ameondoka kwenye magofu ya Firelink Shrine, amepita kwenye mifereji na ngazi za Undead Burg, ameunguzwa na joka darajani, amekufa, amerudi, amekufa tena. Anaamini amefika mbali mno. Anaingia kwenye lifti, inashuka na kuendelea kushuka, kisha anatoka na kujikuta hatua chache tu kutoka kwenye moto ule wa kupumzikia wa Firelink alioanzia. Muda wote huo alikuwa akipanda juu ya mahali palepale.

Utamu wa lifti hiyo unatokana na kile ambacho watengenezaji walimnyima mchezaji. Hana ramani. Hawezi kuhama papo kwa papo kutoka moto mmoja hadi mwingine mpaka awashinde mabosi Ornstein na Smough huko Anor Londo na kukabidhiwa chombo cha Lordvessel, na hapo ameshamaliza karibu nusu ya safari. Kila mahali anakwenda kwa miguu, kwa hiyo njia ya mkato humfurahisha kuliko upanga mpya. Lordran, nchi ya gemu hiyo, imeshonwa kama kili za mkeka, ukipapasa hupati mshono. Ukiyatoa maji ya New Londo unaikuta maiti ya mji mzima chini, halafu njia hiyohiyo inakutokeza kwenye bonde la majoka ambalo huenda ulishalipita ukitokea upande mwingine kabisa. Ukiwa kwenye giza la Tomb of the Giants, ukitazama mbali unaiona lava ya Demon Ruins, na miti mikubwa ya Ash Lake imesimama pale inapopaswa kuwa.

Dark Souls II ilipotoka Machi 2014, Miyazaki alikuwa msimamizi tu. Waongozaji walikuwa Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura, nao walifanya jambo la ujasiri: walimruhusu mchezaji kuhama kutoka moto hadi moto tangu mwanzo. Papo hapo sababu ya kuishona nchi ya Drangleic kwa ustadi ule ikapungua, na inaonekana. Ukimaliza Earthen Peak, ambayo ni ngome yenye kinu cha upepo, unapanda lifti kwenda juu na kutokea kwenye ngome ya chuma iliyozungukwa na ziwa la lava. Ukiwa nje hukuona kitu juu ya kinu kile ila mbingu. Wachezaji wameilaumu lifti hiyo kwa miaka mingi, na mimi sina utetezi wake.

Lakini rudi ngazi chache chini, ndani ya jengo hilohilo. Bosi wa Earthen Peak ni Mytha, malkia anayepigania kwenye chumba kilichofurika sumu. Sumu inakupunguzia uhai wewe, na inamwongezea yeye. Unaweza kumshinda hivyohivyo kwa jasho na chupa zako za kuponya za Estus. Au unaweza kujiuliza sumu hiyo inasukumwa na nini, ukawasha mwenge kwenye moto, ukaenda nao hadi kwenye mhimili wa kinu, ukauchoma. Kinu kinasimama. Ukiingia tena kwa Mytha, sakafu imekauka. Hakuna mtu wala maandishi yaliyokuelekeza kufanya hivyo. Mtu aliyepanga chumba kile alimheshimu mchezaji kiasi cha kumwachia mashine nzima aielewe mwenyewe.

Tangu nilipokielewa kinu hicho, niliacha kuitafuta Lordran ndani ya Drangleic. Mafundi wa gemu ya pili walihamishia kazi yao kwenye mwili wa mchezaji. Tazama kubiringika. Katika gemu ya kwanza, wepesi wa kukwepa unategemea uzito wa ulichovaa. Katika ya pili kuna sifa ya Adaptability: ukiilisha roho ulizokusanya, zile fremu ambazo upanga wa adui unakupita bila kukudhuru zinaongezeka, na hata kunywa Estus kunakuwa kwepesi. Wengi wanaichukia, kwa sababu mwanzoni unapigwa na pigo uliloapa kwamba umelikwepa, na kweli gemu ilipaswa kulieleza vizuri zaidi. Hata hivyo, sijaona gemu nyingine iliyothubutu kuuuza muda wenyewe, kipande kwa kipande. Kisha kuna kushika silaha mbili kwa pamoja: ukiwa na mara 1.5 ya nguvu na wepesi vinavyodaiwa na silaha hizo, mikono yote miwili inapiga kwa mapigo yake ya pekee. Na ukijuta, kifaa cha Soul Vessel kinakuruhusu kujijenga upya.

Kuhusu kifo sikubaliani na mafundi hao kwa yote. Kila ukifa, kiwango chako cha juu cha uhai kinapungua, hadi nusu. Hilo linauma, na linafaa. Ila maadui nao wanatoweka ukishawaua mara 12 hivi, na njia tupu haimfundishi mtu kitu.

Palipo na fahari yao kubwa ni mzunguko wa pili. Katika gemu ya kwanza, ukianza upya, maadui ni walewale, wamezidi nguvu tu. Hapa bosi The Lost Sinner, uliyempiga akiwa peke yake, anakuja na wachawi wawili wa moto, na wewe uliyeingia na mbinu yako ya zamani unaanza kufikiri upya.

Mawazo hayo hayakuishia hapo. Mwaka 2022 ilipotoka gemu ya Elden Ring, Tanimura alikuwa mwongozaji mwenza pamoja na Miyazaki. Humo unahama papo kwa papo tangu mwanzo, na ukishika panga mbili za aina moja, mikono yote miwili inapiga.